Siku Mchoraji Aliposhindwa na Ng'ombe wa Maboksi

Mimi ni Mpemba, na ukimwambia Mpemba kwamba mchezo wa ng'ombe ni wa Wahispania peke yao, umetafuta ugomvi. Ndivyo nilivyojuana na yule mchoraji. Tuligombana asubuhi moja ya Ramadhani kwenye mgahawa wa hoteli ninayofanyia kazi pale The Pearl, Doha, mimi nimeshika birika la kahawa nisiyoweza kuinywa, na yeye mbele yake kuna yai la kuchemsha ambalo hakulipenda.

Alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu, mfupi, nyusi nene, na maarufu kiasi kwamba bango la picha zake lilitundikwa hata njia ya kutoka uwanja wa ndege. Maisha yake yote alichora ng'ombe. Si ng'ombe wa maziwa, la. Mafahali weusi, uwanjani, na mbele yao mtu aliyenyoosha mgongo na kitambaa mkononi. Alikuja Doha kufungua maonyesho yake. Mudir wetu, yaani meneja, alitukusanya kabla mgeni hajafika, akatwambia tusimuombe picha, tusimuombe saini, na zaidi ya yote tusimzoee. Nilipotikisa kichwa kukubali, nilikuwa nakubali kwa moyo mmoja. Sikumjua huyo mtu, na nina kazi za kunitosha.

Lakini alikuja na mjukuu wake, msichana wa miaka ishirini na kitu, na hao wawili ndio walionitia mashakani. Mgahawa mwezi wa Ramadhani huwa tumeuzungushia mapazia ili wageni wale bila kuwakera waliofunga, kwa hiyo ndani kunakuwa kimya na kila kitu kinaonekana. Mzee alikaa dirishani. Binti akapita meza zote zilizo wazi, akaenda kukaa karibu na mlango wa jikoni, mgongo umemwelekea babu yake. Siku ya kwanza nilidhani wamenuniana kwa kitu kidogo, watapatana kwa chakula cha mchana. Siku ya pili ilikuwa vilevile. Nikimpelekea mzee mkate, ananiuliza kwa Kiingereza chake cha kuokotaokota kama binti amekula. Nikienda kwa binti, haulizi kitu, lakini macho yanaiba kuelekea dirishani. Nikawa kama posta.

Mdomo wangu haujui kukaa kimya. Siku ya tatu nilimuuliza binti wazi, babu yako amekukosea nini? Nilitegemea aniambie nikae mbali na mambo yake, tena angekuwa na haki. Badala yake akaniambia yote, kwa sauti ya chini, huku anavunjavunja mkate.

Yule mzee ndiye aliyemlea. Wazazi walikuwa watu wa safari, na yeye alikulia kwenye chumba cha rangi cha babu yake, akilala chini ya meza na kuamka ana rangi kwenye nywele. Alimpenda kuliko mtu yeyote. Lakini kila msimu babu alimpeleka uwanjani, kiti cha mbele, na huko kwao ng'ombe hatoki mzima. Mtoto alikuwa akiziba macho kwa kofia ya babu. Alipokuwa mtu mzima alimuomba aache kwenda. Chora, alimwambia, chora utakavyo, lakini usikae tena pale kushangilia. Babu akaahidi. Mwaka uliopita binti akafungua gazeti, akamwona babu yake kiti cha mbele, kofia kichwani, anapiga makofi.

"Jumamosi naondoka," aliniambia. "Nimepata kazi mji mwingine, mbali. Hapa nimekuja kwa sababu nilishaahidi kumsaidia na maonyesho, na mimi nikiahidi natimiza." Hakulia, na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi. Mtu akilia unampa kitambaa. Asiyelia unampa nini?

Nikarudi dirishani na birika langu nimechukia. Mzee alijua nimetoka wapi. Alikaa akizungusha kikombe, akasema, Jumamosi mjukuu wangu ananiacha. Mke wangu ameshatangulia, akasema, na nikimkosa huyu nitakuwa nachora kwa ajili ya kuta. Nikamwambia basi si uache hao ng'ombe? Ni jambo gani kubwa? Hapo akanyoosha mgongo, akawa mtu wa kwenye bango. Akanieleza kuwa mimi siwezi kufahamu, kwamba mchezo ule ni wa kwao, uko kwenye damu yao, hauko kwingine duniani, na kwamba bila kifo unakuwa mchezo wa watoto.

Nilikuwa na saumu, na saumu hunikaza mishipa. Nikalitua birika mezani. Nikamwambia, mzee, kwetu Pemba tunacheza ng'ombe tangu babu wa babu zangu. Ng'ombe anafungwa kamba ndefu, zumari inalia, ngoma zinalia, wanawake wanaimba, vijana wanaingia kumchokoza kwa kitambaa, na yeye anawakimbiza mpaka wanarukia vichakani. Akichoka anatembezwa kijijini anaimbiwa yeye, si aliyemchokoza. Kisha anarudi bandani kula majani. Nani amuue? Ukimuua ng'ombe wa watu kwa sababu amecheza vizuri, utalala kituo cha polisi.

Alicheka mpaka akashika meza. "Ng'ombe wa kamba," akasema. "Huyo ni mbuzi." Nami, kabla sijamkumbuka mudir, nikasema: "Basi Sikukuu Mosi alasiri njoo Al Wakrah umwone huyo mbuzi."

Ilinibidi nimweleze binti pia, maana sikutaka aje mmoja. Aliniuliza mara moja tu: hakuna atakayekufa? Nikamwapia. Sikumwambia kwamba ng'ombe mwenyewe ni wa maboksi. Nilitaka aone.

Sasa niseme ukweli wa ng'ombe wetu. Doha huwezi kupata fahali wa kucheza, na hata ukimpata hutapata ruhusa. Kwa hiyo sisi Wapemba wa huku, na wanaotupenda, tunamtengeneza. Vijana wanaokaa mtaa wa Abu Hamour hukusanya maboksi ya friji kwenye maduka, wakayakata na kuyafunga kwa gundi ya karatasi. Ngozi ni pazia zito jeusi ambalo hoteli ililitupa. Pembe ni bomba za maji za plastiki, mkia ni kichwa cha mopu. Ndani wanaingia watu wawili, mmoja mbele ameshika kichwa, mmoja nyuma ameinama. Ngoma ni madumu makubwa ya maji ya kunywa, na zumari inatoka kwenye simu iliyounganishwa na spika. Kamba anaishika shangazi. Si shangazi yangu wa damu, sote tunamwita hivyo. Ni mama wa Kipemba aliyelea watoto wa nyumba moja hapa Doha mpaka wakaenda chuo kikuu, na kamba ile hamwachii mwanamume, anasema wanaume wakishangilia wanasahau wameshika nini.

Ugomvi wetu wa kila mwaka ni na mlinzi wa hoteli, Mkenya wa Kakamega, mtu mrefu wa mizaha. Kwao nao wana mchezo wa ng'ombe, lakini ni fahali kwa fahali.

"Nyinyi Wapemba mnapenda kujitafutia maneno," huniambia. "Si muache ng'ombe wapigane wenyewe? Kwetu moja ikitoroka, imeshindwa, story imeisha. Watu wanaimba wakienda nyumbani na miguu zao zote mbili."

"Ndiyo maana mnabeba fimbo mkiangalia," humjibu. "Mnamwogopa hata wa wenzenu."

Mwaka ule tulikubaliana kutengeneza ng'ombe wawili. Wapigane kwanza kwa Kikakamega, halafu wetu abaki kwa kamba na kitambaa.

Idi iliangukia Ijumaa. Asubuhi nilihudumu hotelini, alasiri nikawa Al Wakrah kwenye kiwanja cha mchanga karibu na bahari tulikopiga hema, nimevaa nguo mpya na bado natembea kimhudumu. Watu walijaa. Madereva, wahudumu, yaya walioachiwa nusu siku, na wengine wamekuja na sufuria za biriani kwenye mapaja. Nilikuwa nimeshatangaza kwamba mchoraji mkubwa atakuja, na nusu yao hawakuniamini. Ikapita saa nzima, wakaanza kunisanifu na kunicheka. Kisha zikaingia teksi mbili za rangi ya feruzi, zimefuatana. Ya mbele akatoka mzee, suti nyeupe, kofia ya majani, fimbo ya kutembelea. Ya nyuma akatoka mjukuu. Wametoka hoteli moja, wanakuja mahali pamoja, na wamelipa teksi mbili.

Mzee alipomwona ng'ombe alicheka tena, kicheko kilekile cha mgahawani, akauliza kama friji lenyewe bado limo ndani. Nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki. Binti alikaa mkekani upande wa pili, katikati ya wanawake. Walimfunga kanga kichwani kwa ajili ya jua na kumpa kitumbua, na nilimwona anacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Pigano la Kikakamega halikuchukua muda. Madumu yalipigwa, mlinzi akawa anamkimbilia ng'ombe wake huku na huku akimsifu kwa Kiluhya, vumbi likapanda, pembe moja ya bomba ikapinda. Mara ng'ombe wa Kakamega akageuza kichwa, akatimka kuelekea baharini na miguu yake minne haikuelewana, wa mbele anataka kushoto na wa nyuma anataka kulia. Tulimkimbiza mpaka ukingo wa maji. Mlinzi alikunja mikono, akasema huyo ng'ombe hakulishwa vizuri.

Lakini waliokuwa ndani ya ng'ombe wetu walitoka wamelowa chapachapa, wakajitupa mchangani na kusema wao khalas, wamemaliza. Joto la ndani ya maboksi, walisema, si la binadamu. Watu wakaanza kunung'unika, maana mchezo wenyewe wa kamba ulikuwa bado. Mlinzi akajitolea.

"Mimi naingia nyuma," alisema. "Mbele hapana. Mbele kuna kuonekana, na leo nimeshaaibika ya kutosha."

Wa mbele hakupatikana. Kila kijana alikuwa na sababu, huyu mgongo, huyu suruali mpya. Ndipo binti akasimama mkekani, akaniuliza kama anaweza kuingia yeye. Nikageuka kumtafuta mzee. Wanaume walikuwa wamemchukua nyuma ya hema kumlisha halua na kahawa, na alikuwa anawachorea kitu hewani kwa mkono. "Usimwambie," binti alisema. Akaingiza kichwa ndani ya boksi.

Nilidhani atazunguka mara mbili tatu na kuchoka. Zumari ikaanza kwenye spika, shangazi akaiachia kamba kidogo, na yule ng'ombe akabadilika. Alipara mchanga kwa mguu. Aliinamisha pembe, akasubiri, akasubiri, kijana wa kwanza akajisahau, ng'ombe akamrukia na kumwangusha juu ya kikapu cha machungwa. Nilishtuka. Halafu nikakumbuka amekulia kiti cha mbele. Hata aliyeziba macho kwa kofia huchungulia. Vijana walikuwa wakiingia na kanga na kutoka mbio, wanawake wamesimama wote, vifijo hadi barabarani, na mlinzi huko nyuma anakokotwa bila kujua anaelekea wapi.

Mzee alirudi kutoka hemani na kipande cha halua mkononi. Safari hii hakucheka. Alisimama karibu yangu, akala halua taratibu, macho hayatoki kwa ng'ombe.

"Nani yuko mbele?" aliniuliza.

"Mpishi," nikasema. Mungu anisamehe, siku ya Idi.

"Huyo mpishi anawajua ng'ombe."

Akanipa kofia yake, akamnyang'anya kijana kanga, akaingia. Mkono mmoja kanga, mwingine fimbo. Nilitaka kumzuia, lakini watu walimpokea kwa shangwe nikaona nitaharibu. Na kwa kweli alipendeza. Mgongo ulinyooka, kidevu kikaingia ndani, akaitikisa kanga polepole kama mtu anayekung'uta mkeka. Ng'ombe akaja, akapita ubavuni mwake. Akarudi, akapita tena karibu zaidi. Niliona wazi kwamba ng'ombe anapunguza mbio kila akimkaribia, na kwamba mzee haoni. Wanawake walishamtungia wimbo wa kumchokoza, babu kavaa suti, ng'ombe hajali suti, na yeye, asiyejua neno, akawa anawainamia kwa heshima.

Kisha ng'ombe akasimama mbele yake, anahema. Mzee akaishusha kanga. Na mkono mwingine, nadhani bila hata yeye kuuamuru, ukaigeuza ile fimbo, ukaiinua mpaka usawa wa jicho, ncha imeelekea shingoni mwa ng'ombe. Nililijua pozi lile. Ndilo lililokuwa kwenye bango la njia ya uwanja wa ndege.

Madumu yalinyamaza, moja baada ya jingine. Kwetu mtu hafanyi vile. Hata kwa mzaha, hata kwa ng'ombe wa maboksi. Shangazi akaivuta kamba na kuizungusha kiganjani.

"We mzee," alisema, sauti haikupanda. "Sie hatuui."

Nikaanza kukimbia ili nimtafsirie, na mchanga ukanishika miguu. Mlinzi akauliza kutoka nyuma ya ng'ombe, "Kwani kuna nini huko mbele? Mbona tumesimama?" Ng'ombe hakurudi nyuma. Aliinua kichwa, shingo ikawa wazi mbele ya fimbo, na kutoka kwenye mdomo wa boksi ikatoka sauti ya msichana, maneno machache ya lugha ya kwao. Baadaye aliniambia alichosema. Alisema: "Babu, ni mimi. Haya, malizia."

Fimbo ilianguka. Mzee alibaki na mkono hewani, kisha akakaa mchangani na suti yake nyeupe.

Watu hawakuelewa. Waliona mtu amekaa chini na ng'ombe amesimama, na kwetu hiyo ina maana moja tu. Vigelegele vikapasuka. Kijijini kwetu aliyeshindwa na ng'ombe ndiye anayemrudisha bandani, na shangazi, ambaye hajawahi kuruka hatua ya mchezo, akaenda moja kwa moja na kumtia mzee kamba mkononi. Alitaka kuinuka akashindwa. Ng'ombe akainama, mzee akashika zile pembe za bomba, akainuka nazo.

Tuliwasindikiza mpaka hemani tukiimba sifa za ng'ombe. Walitembea polepole sana, yeye mbele na kamba, ng'ombe nyuma yake karibu kumgusa. Mzee alikuwa anasema bila kugeuka, na boksi lilikuwa linamjibu. Yalikuwa maneno mengi, mengine makali, nayajua makali kwa lugha yoyote. Sijui walisemezana nini, na mimi na mdomo wangu huu sikuuliza.

Kichwa cha ng'ombe kilipovuliwa, binti alikuwa mwekundu, nywele zimegandamana usoni, analia na kucheka pamoja, na hapo ndipo watu wakaelewa. Babu alimfuta uso kwa ile kanga. Alimfuta vibaya, mchanga mtupu, na binti akamwachia amfute.

Baada ya hapo watu ni watu. Wakataka hotuba. Wengine walishaleta kalamu na ubavu wa boksi ili awachoree. Mzee alikataa kalamu, akaniomba nimtafsirie. Alizungumza kwa Kiingereza, ameshikwa mkono na mjukuu wake.

"Nimechora ng'ombe maisha yangu yote," alisema, "na nimewatazama wakifa nikiwa nimekaa kiti kizuri. Kesho mjukuu wangu anaondoka, kama alivyosema, na amenikubalia kumtembelea. Uwanjani sitakwenda tena. Leo nimeelekeza fimbo kwa ng'ombe, na ng'ombe akaniita babu."

Nilianza vizuri. Nilitafsiri kuchora, nikatafsiri kiti kizuri, watu wakacheka, nikatafsiri safari ya kesho. Nilipofika kwenye ng'ombe kumwita babu sauti ikanigoma kabisa, mimi ambaye wote wanajua sinyamazi, na ikabidi amalizie mlinzi wa Kakamega, ambaye bado alikuwa amevaa miguu ya nyuma.